ANTI WA MJINI: “Kila shoo naiona kwenye stetasi asubuhi yake”

Mwezi huu meseji zenu nyingi zimekuja na kilio kimoja, kwamba Arusha kuna vitu vinafanyika ila habari hazifiki, au zinafika zimeshapoa. Nimechukua nne nijibu kwa kirefu maana hili jambo linanihusu kabisa, nimekulia mji huu na nazunguka kwenye hizi shughuli miaka mingi sasa.

*Anti shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 26, nimehamia Arusha kikazi mwaka jana nikitokea Mwanza, nakaa Sakina, nafanya mapokezi kwenye hoteli. Kila Jumatatu nikifungua simu naona stetasi za watu, mara walikuwa kwenye usiku wa mashairi, mara bendi, mara maonyesho ya picha za kuchora, na mi weekend yote nlikuwa geto naangalia tamthilia. Nikiuliza mbona hamkunambia naambiwa “si ungeniambia ningekwambia”. Sasa Anti ntamwambiaje mtu aniambie kitu ambacho sijui kama kipo? Hawa watu wanapata wapi habari? Au mpaka uwe na hela? (Mgeni wa Sakina)*

Marahaba mwanangu, na karibu Chuga japo nimechelewa kukukaribisha. Hiyo “si ungeniambia ningekwambia” nimeisoma mara mbili, maana ndo shida yenyewe ya huu mji imekaa humo.

Ngoja nikwambie Arusha ilivyo. Wenzetu Zanzibar wana Sauti za Busara, inafanyika Februari tangu 2004, mtu yuko Ulaya huko anajua na anakata tiketi miezi kabla. Sisi vitu vyetu vingi ni vidogo, vinapangwa Jumanne vinafanyika Ijumaa, mwenye ukumbi kakubali jana, bendi imepatikana leo, tangazo linatoka kesho kutwa saa kumi jioni na wewe uko shifti. Hakuna sehemu moja inayokusanya yote. Kwa hiyo habari inakaa kwa watu, na ukishawajua ni watu gani, hutapitwa tena.

Wa kwanza kabisa ni wenye mitambo. Wale wanaokodisha spika. Mwezi uliopita nlikuwa Mianzini nasubiri daladala ikasimama kirikuu mbele yangu imejaa spika hadi juu, na kijana kakaa nyuma kule kapakata mixer kaifunga kanga isiingie vumbi, kaishika kama mtoto anayepelekwa kliniki. Nikamuuliza mwanangu hii inaenda wapi, akanambia, alafu bila hata kuombwa akanitajia na ya Jumamosi na ya wiki inayofuata, moja ni harusi nikaiacha, moja ni kwaya tatu zinakutana, moja ni vijana wa hip hop. Dakika mbili tu hizo na taa ilikuwa haijaruhusu. Fundi mitambo anajua kabla hata mshereheshaji hajapigiwa simu, kwa sababu yeye ndo anatangulia kulipwa advansi. Mtafute mmoja, chukua namba yake, msalimie mara moja kwa wiki, bas.

Wa pili ni wanaochapisha mabango na tiketi. Ukipita kutoa kopi pale town mwangalie yule wa kwenye kompyuta anatengeneza nini. Mimi nimewahi kulijua onyesho la ngoma kwa sababu tu nlikuwa nasubiri kopi ya kitambulisho na tangazo lilikuwa kwenye skrini, wameandika “ngoma za asili” kwa herufi za njano, nikauliza lini, nikaenda, na nilicheza.

Alafu kuna sehemu za kupita kwa miguu, siku yako ya ofu. Anzia Mnara wa Saa shuka barabara ya Boma mpaka lile boma la Wajerumani ambalo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, angalia getini kuna tangazo gani. Pita Alliance Française uliza ratiba yao, na Juni 21 uiwekee alama kwenye simu, ile ni siku ya muziki ya Wafaransa iliyoanza kwao 1982 na sasa inasherehekewa nchi nyingi, kwa hiyo kuanzia mwanzo wa Juni anza kuulizia. Na siku moja panda gari la kwenda upande wa Usa River ufike Imbaseni, kule kuna kituo cha jamii na sanaa kinaitwa UAACC, walikianzisha 1991 Pete O'Neal na mkewe Charlotte ambaye watu wengi hapa wanamjua kama Mama C, Wamarekani weusi waliohamia Tanzania toka miaka ya sabini. Mama C ni mshairi na anapiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo. Vijana wengi wa huku wameshika kinasa sauti au brashi mara ya kwanza kwenye uwanja ule, na mtu akikwambia Arusha hakuna sanaa mpeleke pale kwanza ndo mwendelee kubishana.

Majira nayo uyajue. Machi mpaka Mei ni masika, vitu vya nje vinakufa au vinahamia ndani. Juni na Julai baridi, usiku watu wanawahi kuondoka kwa hiyo shoo inayosema saa tatu fika saa tatu kweli, na beba sweta mwanangu, wewe wa ziwani hujazoea. Mwanzoni mwa Agosti viwanja vya Nanenane Njiro pale Themi vinajaa, watu wanafikiri ni matrekta na mbegu tu kumbe ngoma na kwaya unazikuta pia. Ramadhani na Kwaresma mambo mengi yanasimama. Desemba ndo usitegemee sana maana nusu ya mji wanapanda Moshi na Rombo kwao.

Hela: vitu vingi nilivyoenda mimi kiingilio kilikuwa kidogo au hakipo kabisa, kinachokula ni usafiri wa kurudi. Kabla hujatoka uliza inaisha saa ngapi, na uwe na bodaboda unayemjua kwa jina. Usitegemee kumpata wa kuokota saa tano usiku.

Nimeacha kubwa mwisho. Wewe unakaa mapokezi! Unajua ni wageni wangapi kwa siku wanaulizaga hapo “leo usiku kuna nini mjini”? Nunua kaunta buku, chora mistari, siku, saa, wapi, kiingilio, namba ya mwenye shughuli. Weka hapo mezani. Kila dereva na muongoza watalii anayeleta wageni muulize umesikia nini wiki hii, andika. Ndani ya mwezi wasanii wenyewe watakuja kukuletea habari kwa sababu watajua wewe unawapelekea watu, na wale wenye stetasi ndo watakuja kukuuliza wewe Ijumaa tunaenda wapi.

*Anti mambo vipi, mimi ni chalii wa Kijenge Juu, tuna kikundi tunafanya hip hop tunachanganya na ngoma, wawili kati yetu wanaimba Kimaa, lugha ya Wamasai. Mwezi wa tano tulifanya shoo, tulitumia hela yetu wenyewe, tukatangaza Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp kama kumi na tano hivi, tukapata laiki kibao. Walikuja watu 11, na wanne ni ndugu zetu. Tumevunjika moyo. Watu wa Arusha hawapendi sanaa ama? (Chalii wa Kijenge)*

Poa mwanangu, pole sana. Najua inavyouma kusimama jukwaani unahesabu vichwa.

Ila hilo la kwamba watu wa Arusha hawapendi sanaa nakukatalia, na nakukatalia kwa mji wako mwenyewe. Arusha hiihii! Miaka ya tisini walitokea X Plastaz kwenye huu mji, wakachanganya rap ya Kiswahili na uimbaji wa Kimasai, jamaa yao Merege anapanda na lubega lake jukwaani, wakazunguka Ulaya na kitu ambacho wengine walikuwa hawajawahi kukifikiria. Baadae wakaja Nako 2 Nako, wakaja Weusi, Joh Makini akajiita Mwamba wa Kaskazini na nchi nzima ikaitika. Hao hawakuota juu ya majani, kuna watu wa hapa waliwasikiliza kabla redio za Dar hazijawapiga. Kwa hiyo wapenzi wapo, na mnachokifanya nyie kina mizizi hapahapa.

Tangazo lenu ulinitumia, nimeliangalia vizuri. Picha kali sana, moshi, taa nyekundu, majina yenu makubwa. Chini imeandikwa IJUMAA HII, USIKOSE. Ijumaa ipi? Kwenye grupu langu mimi lilifika Jumapili. Kuna nguzo ya umeme njia ninayopita kila siku ina bango limepigwa na mvua mpaka karatasi imekuwa kama ugali, jina la bendi limeshafutika, ila IJUMAA HII bado inasomeka, ina miezi mitatu pale inawaambia watu Ijumaa hii. Andika tarehe. Andika mwezi na mwaka pia, kwa sababu matangazo ya WhatsApp hayafi, yanafufuka.

Na hilo naliongea kwa uchungu maana limenikuta. Mwaka juzi nilirusha tangazo la maonyesho ya sanaa kwenye magrupu mawili bila kupiga simu kuhakikisha, kumbe lilikuwa la mwaka uliopita, tarehe zilikuwa zinafanana tu. Mama mmoja akatoka Usa River na watoto wawili na daladala mbili, wakafika wakakuta geti limefungwa na mlinzi hajui chochote. Alinipigia akiwa bado pale nje, wala hakunigombeza, aliniuliza tu “sasa hawa watoto niwapeleke wapi?” Toka siku hiyo sirushi kitu mpaka nimeongea na mwenye namba iliyoandikwa pale, hata kama nimetumiwa na mtu ninayemwamini.

Mahali nako mliandika jina la ukumbi tu. Mtu wa Muriet au wa Ngaramtoni hajui huo ukumbi uko wapi. Andika anapanda gari gani anashuka kituo gani anatembea kuelekea upande gani. Yani andika kama unamwelekeza shangazi yako aliyekuja kutoka kijijini. Kiingilio mliweka “bei poa”, na hiyo inafukuza watu mwanangu, mtu anaogopa kuumbuka mlangoni, ni heri uandike elfu tano ajipange, au uandike bure. Saa ya kuanza, na saa ya kuisha! Hiyo ya kuisha hakuna anayeiandika na ndo inayoamua kama dada yako ataruhusiwa kuja.

Laiki mia si watu mia. Magrupu kumi na tano unarusha tangazo linazama kati ya video za kuchekesha na michango ya harusi. Mtu mmoja mmoja ndo anafanya kazi. Kila mmoja wenu kwenye kikundi awapigie watu kumi, awapigie kwa mdomo sio meseji, aseme jina la mtu na amwambie “nimekuwekea nafasi”. Mkiwa sita hao ni sitini, wakija nusu yao mmeshajaza chumba. Redio za hapa nyumbani nazo zipo, Triple A, Radio 5, Mambo Jambo, usiende na bahasha wala usiombe wapige wimbo, nenda na yule wenu anayeimba Kimaa asikike kidogo laivu, mtangazaji anapenda kitu cha kuongelea. Na nenda siku kumi kabla, sio asubuhi ya shoo.

Kibali je? Hukuniambia. Sanaa nchi hii inasimamiwa na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, iliundwa kwa sheria namba 23 ya mwaka 1984, na kwenye halmashauri yenu yupo afisa utamaduni. Vijana wengi wanamkimbia wanadhani ni wa kuzuia. Mimi nasema mwendeeni mapema mkaulize kwa shoo kama yenu mnatakiwa kuwa na nini, karatasi gani na gharama gani, kuliko kuzimiwa mitambo nyimbo ya tatu. Alafu yule ndo mtu anayevijua vikundi vya ngoma vya mji mzima na anajua sherehe gani ya serikali inakuja inataka watumbuizaji. Jiandikisheni ajue mpo.

Na hao saba ambao si ndugu zenu, mna namba zao? Hao walikuja Mei, kwenye mvua! Watafuteni kabla ya mwingine yeyote.

*Dada habari za kazi. Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 12. Kila Jumamosi wanataka kupelekwa kwenye mabembea na chipsi, na mfuko unalia. Nataka wajue na vitu vya utamaduni vya mji wao ila kusema ukweli hata mimi mwenyewe sijui nianzie wapi. (Baba watatu, Njiro)*

Nzuri kaka yangu. Anzia Kaloleni, Makumbusho ya Azimio la Arusha. Lile jengo ndo walikaa wakubwa wa TANU Januari 1967 mpaka likapatikana Azimio, likatangazwa Februari 5. Huyo wa miaka 12 analisoma shuleni kwenye kitabu kama kitu cha mbali, mpeleke asimame mlemle ndani. Mkitoka hapo mnautembelea na ule mnara wa Mwenge. Nusu siku imeisha na mmetumia hela kidogo.

Jumamosi nyingine wapitishe tu nje ya uwanja wa Sheikh Amri Abeid uwaulize huyu alikuwa nani. Nimeuliza watu wazima wengi, wanasema mchezaji mpira. Kumbe alikuwa mshairi! Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na waziri kwenye serikali ya Mwalimu, akafariki 1964 akiwa na miaka 40 tu, na mwaka 1954 alitoa kitabu cha kufundisha sheria za kutunga mashairi ambacho mpaka leo wanafunzi wa Kiswahili wanakutana nacho. Yani uwanja wetu mkubwa, tunapojazana kwa mpira na matamasha, una jina la mtu wa vina na mizani, na sisi tunapita pale kila siku tunasema “shusha Amri Abeid” bila kujua. Waambie watoto watunge beti moja kila mmoja mkiwa njiani kurudi, mizani minane kwa minane, uone kelele zitakazotokea kwenye daladala.

Na kama utapata nafasi, barabara ya Dodoma maeneo ya Burka kuna karakana ya Shanga, mafundi wake wengi ni watu wenye ulemavu, wanayeyusha chupa za kioo zilizotupwa wanatengeneza glasi na shanga. Piga simu kwanza kuulizia siku za kutembelea. Mtoto akiona chupa iliyotoka jalalani inageuka kuwa nyekundu kama kaa la moto alafu inapulizwa inakuwa glasi hatakuuliza chipsi, au atauliza lakini baadae sana.

*Anti, mimi ni mama wa Ngaramtoni. Mtoto wa dada yangu alikuja kwenye shughuli ya ukoo wetu, wazee walikuwa wanabariki vijana, akarekodi yote na kuiweka mtandaoni na mahali ilipo, akaandika “tamasha la utamaduni”. Kesho yake asubuhi ikaja gari ya watalii na dereva wanaulizia tamasha liko wapi. Mume wangu kakasirika sana, kijana anasema alikuwa anatangaza utamaduni. Nani yuko sahihi? (Mama wa Ngaramtoni)*

Mume wako yuko sahihi mama, na kijana nia yake haikuwa mbaya. Hayo mawili yanakaa pamoja.

Mimi nimeongea ukurasa mzima nikiwasukuma watu watangaze, kwa hiyo hapa lazima niseme wazi, kuna onyesho na kuna shughuli. Onyesho limeandaliwa kwa ajili ya mtu wa nje, lina mlango, kiti na saa. Shughuli ya ukoo haina mtazamaji, kila aliyepo ana kazi yake pale, wa kubariki, wa kubarikiwa, wa kupika, wa kushika mbuzi. Ukiweka kamera unaleta watu ambao hawana kazi yoyote pale na wazee wanajikuta wanatazamwa kwenye kitu ambacho walikuwa wanaongea na Mungu.

Kwanza video ishuke, au angalau mahali patoke leo hii, kabla gari ya pili haijaja. Kama kuna sura za watoto zishuke bila mjadala. Pili kijana aende kwa mzee aliyekuwa anabariki, aende na wewe na asiende mikono mitupu, aombe radhi. Asiende na maelezo ya kutangaza utamaduni, aombe radhi tu, mzee akitaka maelezo atauliza.

Alafu baada ya hapo, siku nyingine kabisa, arudi kwa laigwanan, yule kiongozi wa mila, au mzee yeyote anayemsikiliza amuulize ni vitu gani vya kwetu vinaruhusiwa kuonekana na vipi havitoki nje ya boma. Atashangaa, maana wazee wengi niliowahi kuwauliza wana jibu tayari na hakuna kijana aliyewahi kuja kuliomba. Kuna nyimbo watamwambia rekodi hata sasa hivi, sisi wenyewe tunazeeka nazo. Kuna zingine watamwambia zima hiyo simu.

Na shughuli inayofuata aje, asikatazwe kuja. Mpeni kazi, akamate mbuzi.